Moto Juu, Moto Chini

(Mazungumzo yaliyotolewa uwanjani, nyuma ya jiko la zamani, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Yamechapwa kama yalivyosemwa.)



Nimepewa dakika 40 za kusema, na mkate nilioutia motoni kabla ya kusimama hapa unahitaji dakika 40 vile vile. Basi hatutagombana na saa. Mtaniona mara kwa mara nakatiza maneno, nainama, nageuza mfuniko. Msidhani nimesahau nilipofika.

Mhariri wa jarida letu aliponiuliza nitazungumzia nini, nilimwambia, "Chungu." Akasubiri niendelee. Alipoona nimenyamaza aliandika "Chungu" katika daftari lake, akakipigia mstari. Wenzangu waliosimama hapa miaka iliyopita walituzungumzia sheria, benki na udaktari, na tuliwasikiliza kwa heshima. Mimi nilisomea malisho ya mifugo, na kwa miaka 30 nimelala hemani siku nyingi kuliko nyumbani. Mke wangu yupo pale, muulizeni. Mtu wa namna hiyo akiwa na jambo la kuwafundisha vijana, ni namna ya kupika chakula cha maana mahali pasipo na jiko. Lakini pia nina deni katika shule hii, na deni lenyewe ni la chungu. Nitalifikia.

Kwanza kitazameni. Hiki ni chungu cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu. Upana wake ni inchi 12, kinachukua karibu lita 6, na pamoja na mfuniko kina uzito wa kilo 9 hivi. Kina miguu mitatu mifupi, ili makaa yapate nafasi chini yake. Mfuniko wake si wa mviringo kama wa sufuria zetu. Ni bapa, na una ukingo kama sinia, ili makaa yakae juu yake yasimwagike. Basi, hakuna siri nyingine. Mtu akikuuzia chenye mfuniko usio na ukingo, amekuuzia chungu cha mchuzi.

Waingereza na Wamarekani wanakiita tanuri la Kiholanzi, jina ambalo Waholanzi wenyewe hawalitumii. Inasimuliwa kwamba Mwingereza mmoja, Abraham Darby, alikwenda Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 18 akaona wanavyosubu vyombo vya shaba nyeupe katika kalibu za mchanga. Aliporudi kwao alijaribu kufanya vivyo hivyo kwa chuma, na mwaka 1707 akapata hati ya kuwa peke yake mwenye haki ya kusubu vyungu vya chuma kwa njia hiyo ya mchanga. Miaka miwili baadaye, huko Coalbrookdale, alianza kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa badala ya mkaa wa miti. Vijana mnaosoma historia mnafundishwa kwamba Mapinduzi ya Viwanda yalianza na mvuke na pamba. Ni kweli, lakini mtu huyo alikuwa anatafuta chungu cha bei nafuu cha kumwuzia mtu maskini.

Ngoja nigeuze. Mnaona? Chungu nakizungusha robo upande huu, na mfuniko robo upande wa pili. Kila dakika 10 au 15. Usipofanya hivyo, kaa moja lenye hasira litachoma mahali pamoja na upande mwingine utabaki ubichi.

Vyungu hivi vilivuka bahari. Makaburu walivipakia kwenye magari ya ng'ombe walipohama kutoka Rasi miaka ya 1830, na mpaka leo Afrika Kusini chungu cha miguu mitatu ni karamu ya familia. Marekani vilikwenda magharibi pamoja na wahamiaji. Wamormoni walioingia bonde la Utah mwaka 1847 walikuja navyo, na mwaka 1997 bunge la jimbo hilo lilikitangaza kuwa chungu rasmi cha jimbo. Mnacheka, lakini sisi tunaye twiga.

Huko Texas, mwaka 1866, mfugaji Charles Goodnight alitengeneza gari la kukokotwa lenye kabati la jikoni nyuma yake, ili wachungaji wanaoswaga maelfu ya ng'ombe kwa miezi wapate chakula cha moto. Nataka mlitie maanani jambo moja juu ya mpishi wa gari lile. Kwa kawaida alilipwa kuliko mchungaji. Hakuna aliyethubutu kupitisha farasi wake karibu na chakula akatimua vumbi. Usiku, kabla ya kulala, yeye ndiye aliyeuelekeza mtaimbo wa gari kwenye nyota ya kaskazini, ili asubuhi kiongozi ajue njia. Mpishi, ndugu zangu.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka 1977 nilikuwa kidato cha tatu katika shule hii. Baadhi yenu mnamkumbuka mzee wetu wa jikoni, mtu wa Pangani, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa iliyokwisha kuwa rangi ya moshi. Jina lake sitalitaja hapa. Nimemwandikia Katibu kwenye karatasi, na mtajua kwa nini. Sisi tulimwita Babu. Alipika uji na makande ya vijana zaidi ya 300 kwa kuni mbichi, na malipo tuliyompa yalikuwa kulalamika.

Babu alikuwa na chungu kama hiki, ila kikubwa kidogo. Hakuna aliyejua kililetwa shuleni na nani. Ubavuni kilikuwa na herufi zilizolika zisizosomeka tena. Kilikaa stoo mwaka mzima, kikatoka mara moja tu, tulipokwenda kupiga kambi ya jiografia milimani Usambara. Mwaka ule tulikuwa wavulana 18, mwalimu mmoja, na Babu.

Kule kambini ndipo nilipoonja mkate wa kumimina uliopikwa nje, katika baridi, na umande kwenye hema. Ninyi mliotoka bara pengine hamuujui. Mchele unarowekwa usiku, unasagwa na tui la nazi mpaka unakuwa laini, unatiwa hamira, sukari na iliki, unaachwa uumuke. Halafu unamiminwa katika chombo kilichopakwa mafuta kikapata moto, unafunikwa, na makaa yanapaliwa juu ya mfuniko. Moto juu, moto chini. Mama zetu wa pwani wamefanya hivyo kwa sufuria na hata kwa chungu cha udongo tangu zamani, na wali wa kupalia ni jambo hilo hilo. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa huko, nikamwona mama yangu akipalia makaa maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Ilikuwa kazi ya wanawake. Nilidhani nimekwenda shule ili nisiijue.

Usiku wa tatu zamu ya kuosha vyombo ilikuwa yangu na wenzangu wawili. Babu alikwisha kwenda kulala. Mgongo ulikuwa unamsumbua kwa baridi ile. Alituambia maneno mawili tu: kiacheni chungu, nitakiosha mwenyewe asubuhi. Lakini ndani mlibaki ukoko wa wali, nasi tulikuwa na njaa, tukaurudisha motoni ili ulainike tuukwangue. Tukaula. Chungu kikabaki kitupu juu ya makaa, kikazidi kupata moto, sisi tukipiga hadithi. Nilipotaka kwenda kulala nikaona uvivu kukisugua. Nikachukua ndoo ya maji ya kijito, na maji ya kijito cha Usambara mwezi wa saba mnayajua, nikamimina yote kwa mara moja.

Kililia kama bunduki. Mvuke ulipotoka, tuliona ufa kuanzia mdomoni mpaka karibu na kitako.

Wenzangu walinitazama. Nami, badala ya kwenda kumwamsha Babu, nilikanda majivu na mafuta, nikaujaza ule ufa kwa kidole, nikakigeuzia chungu upande wa jiwe. Tukaapizana kunyamaza. Mmoja wa hao wawili amekaa hapa leo, mstari wa nne, na naona anachunguza viatu vyake. Usiwe na wasiwasi, rafiki yangu, sikutaji.

Asubuhi Babu alikiinua, akakitazama muda mrefu, akakifunga kwenye gunia. Hakuuliza neno. Tuliporudi, aliyesimamia stoo wakati ule aliandika kwamba mali ya shule imevunjwa kwa uzembe wa mpishi, na Babu akakatwa shilingi 30 kila mwezi kwa miezi 8. Tulizipata habari hizo siku ile ile. Bwenini hakuna siri. Nilimwona kila asubuhi dirishani pa jiko, nikinyoosha sahani, naye akinitilia uji. Nilikuwa na miezi 8 ya kusema, nami sikusema.

Naomba nigeuze tena. Harufu ya iliki hiyo, mnaisikia? Bado. Pua ikikwambia mapema, subiri dakika 10.

Mwaka 1988 nilipata nafasi ya kusoma Marekani, katika jimbo hilo hilo la Utah. Majira ya joto tulipelekwa kwenye milima ya Wasatch kupima nyasi, na mwenyeji wetu alikuwa mfugaji wa kondoo, mzee mkimya ambaye kwa siku nzima husikii kwake ila maneno matatu, na mawili anamwambia mbwa. Jioni ya kwanza alitoa chungu garini. Akapanga nyama ya kondoo, vitunguu na viazi, akafunika, kisha akachukua koleo akaanza kupanga makaa juu ya mfuniko, moja moja, kwa kuzunguka. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa ugeni.

Yule mzee alinifundisha hesabu yake nami nawapa ninyi bure. Wenzetu wanatumia makaa ya kiwandani yaliyo na ukubwa mmoja. Chukua upana wa chungu kwa inchi, uzidishe mara mbili. Chungu cha inchi 12 kinataka makaa 24. Kwa mkate weka 8 chini na 16 juu, maana mkate huungua chini upesi na juu hukawia. Kwa mchuzi fanya kinyume, moto mwingi uwe chini. Ya chini yapangwe kwa duara, katikati pasiwe na kitu. Ukiunguza, kosa karibu siku zote ni makaa ya chini. Mkaa wetu wa miti haulingani, huu kipande huu chenga, tena unakwisha haraka, basi hesabu isikutawale: weka kiganja juu ya mfuniko kwa urefu wa shibiri moja, na ukiweza kuhesabu mpaka saba au nane polepole kabla ya kukiondoa, moto unatosha. Kuwe na makaa mengine pembeni yanayowaka. Na kila ukiinua mfuniko kuchungulia, umepoteza dakika kadhaa za joto. Inua wima, usiuinamishe, la sivyo utakula majivu.

Baada ya kula, mzee akanisukumia chungu na birika akaniambia nioshe. Nilishindwa. Mkono haukwenda. Akaniuliza nina nini, na kwa mara ya kwanza katika miaka 11 nikamweleza mtu habari ya chungu cha Babu, tena mgeni kabisa, kwa Kiingereza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza sababu ya ule ufa. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi kuliko chuma cha pua, ndiyo maana kinamiminika vizuri katika kalibu, lakini hakina mnyumbuko. Ukikipiga hakibonyei, kinavunjika. Kikiwa cha moto sana na maji baridi yakaingia, upande wa ndani unajikunja ghafla wakati wa nje bado umetanuka, na kitu hakina njia ila kupasuka. Kiache kipoe chenyewe, akasema, halafu maji ya uvuguvugu. Akanyamaza, akatupa kijiti motoni, akaniuliza, "Na yule mzee, umemlipa?"

Nilimwambia sijamlipa. Hakuongeza neno, wala mimi sikulala vizuri.

Nilipomaliza masomo, mwaka 1990, alinipa chungu chake cha pili. Nilikileta kwa meli ndani ya sanduku la vitabu, na mtu wa forodha alidhani ni sehemu ya mashine.

Mwaka 1991 nilikwenda Pangani. Babu nilimkuta barazani kwake, macho yamefifia, lakini yule yule. Nilikuwa nimepiga hesabu: 30 mara 8 ni 240. Nikatia shilingi 5,000 katika bahasha, nikajiona mkarimu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nilijitaja, nikaeleza yote bila kupumzika, kama mtu anayekunywa dawa. Aliponisikia mwisho akasema, "Nilijua ni wewe. Majivu yalipakwa kwa kidole cha mkono wa kushoto, yamevutwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mwaka ule mwenye mkono wa kushoto mlikuwa mmoja tu."

Nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Mimi walinikata mshahara. Wewe wangekukata shule."

Halafu akaichukua bahasha, akazihesabu zile noti kwa vidole, moja moja, akaziweka chini ya mkeka. Ninyi mtadhani alizikataa, kama katika hadithi. Hakuzikataa. Aliniambia kwamba miezi ile mkewe alikaanga vitumbua usiku ili nyumba isimame, na kwamba fedha hii si ile. Nilipofika kwangu nilikaa na kalamu. Mwaka 1977 dola moja ilikuwa shilingi 8 na senti kidogo. Mwaka 1991 ilizidi shilingi 200. Piga hesabu wewe mwenyewe, kijana wa kidato cha tatu, uone kama 5,000 yangu ilifikia 240 yake. Haikufikia.

Safari ya pili nilimpelekea tofauti, pamoja na chungu hiki. Alikipiga kwa kifundo cha kidole akatega sikio. Chungu kizima kinalia kama kengele ya mbali. Chenye ufa kinakoroma. Akatabasamu, akamwita mjukuu wake alete makaa. Alikitumia mpaka alipofariki mwaka 1999, na wanawe wamekitunza. Kutunza kwenyewe mkujue, hasa ninyi wa pwani, maana hewa ya chumvi inakila chuma. Kikisha kuoshwa kikaushwe motoni, kisikaushwe kwa kitambaa tu. Kipakwe mafuta kidogo sana, kidogo kuliko unavyodhani, kipashwe moto mpaka mafuta yashikane na chuma na kuwa ngozi nyeusi. Mkifanya hivyo mara nyingi, chakula hakigandi. Sabuni kidogo haikidhuru, msitishwe. Kinachokidhuru ni kukiloweka usiku. Ukwaju na nyanya za kuchemka muda mrefu viepukeni mpaka ngozi hiyo ikomae. Na msikihifadhi kimefunikwa kabisa, wekeni kijiti mdomoni kipumue, kisije kikanuka mafuta yaliyochacha.

Najua kwamba Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa, nami nimefurahi kuona mitungi ya gesi pale jikoni. Mapafu ya Babu yangefurahi zaidi. Sisemi shule ipikie vijana wote kwa vyungu vya makaa. Nasema mkienda kambini mwende na kimoja, na asiwepo mvulana wa kusema hiyo si kazi yake.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja, nami naomba liingie katika kumbukumbu za mkutano. Kwenye ukuta wa ukumbi mna ubao wenye majina ya wakuu wa shule na viranja wakuu wote, kwa maandishi ya dhahabu. Jina langu limo. Kwa kumbukumbu ya kitabu cha stoo cha mwaka 1977, mtu aliyevunja chungu cha shule ni Babu, na hakuna mahali pengine popote katika shule hii jina lake lilipoandikwa. Naomba kile kitabu, kama bado kipo, kirekebishwe kwa maandishi, niko tayari kutia sahihi. Na ule ubao uongezewe mstari mmoja kwa waliotulisha, tuanze na yeye. Gharama ya fundi wa maandishi naibeba mimi. Karatasi yenye jina iko kwa Katibu. Mjukuu wake, yule aliyeleta makaa siku ile, amekuja nasi leo. Chungu hiki ni chao, wametuazima mpaka jioni.

Naona dakika zimetimia. Nataka vijana wawili waje na koleo na kisu. Wewe, na wewe wa mkono wa kushoto. Inueni wima. Polepole. Na yule mwenye ndoo ya maji, tafadhali, kaa mbali.